Viti Tisa vya Farao

Juzi nilikuwa nachimbisha msingi wa stoo Malaba, nyuma ya loji yangu. Mvua ilikuwa imenyesha, na kijana mmoja mtaroni akainua koleo lenye udongo mweusi. Harufu ikanifikia kabla sijaona kitu. Ni harufu ya jivu la kale lililolowa. Si moshi, si udongo; inakaribia harufu ya ndani ya chungu kilichokaa darini miaka mingi bila kupikiwa. Nikasogea. Chini pale palikuwa na mawe matatu yameelekeana, kila moja jeusi upande mmoja. Kijana alikuwa ameshika moja alitupe kwenye rundo la kokoto. Nikamwambia, "Rudisha." Akarudisha. Fundi wake akaja mbio.

"Mama, shida ni nini?"

"Mtaro upite kando."

"Lakini mama, kamba imeshapigwa."

"Kamba ni ya nani?"

Akang'oa vigingi, akaenda kunisengenya upande wa pili ambako alidhani sisikii.

Watoto wangu wanasema ni uzee. Si uzee. Mimi nimesoma hadi darasa la tatu tu, na loji hiyo nimeijenga kwa mandazi na maharagwe niliyowapikia madereva wa malori na matanboi, wasaidizi wao, tangu nikiwa msichana, kwa hiyo sidaiwi maelezo na mtu. Lakini nyinyi wa rika langu, mliokuwa watoto wakati mashamba yetu yanapimwa, nyinyi nataka kuwaeleza. Nimekaa na jambo hili muda mrefu na bado halijapoa. Herufi zikipinda, zinyoosheni.

Kwetu ni upande wa Butula, mteremko mmoja kutoka Khunyangu. Nililelewa na babu na nyanya, kwa lugha yetu kuka na kukhu. Nyuma ya boma letu, ukivuka mihogo, palikuwa na lukoba. Asiyejua, lukoba ni ukuta wa udongo wa mviringo ambao watu wa zamani walijizungushia, na nje yake handaki refu, ili wakati wa vita wakae ndani wao na ng'ombe wao. Wa kwetu ulikuwa mkubwa. Ungesimama lango la mashariki umwite mtu aliye lango la magharibi na asikusikie. Wakati wangu ukuta ulikuwa umeporomoka ukabaki kimo cha ng'ombe, nyasi na miiba juu yake, na malango yalikuwa mapengo tu ambayo mbuzi walipita. Ndani hakukuwa na nyumba hata moja. Watu walitoka humo vita vilipoisha, kuka akiwa mdogo, kila mtu akaenda kujenga kwake nje. Lakini chini ya zile nyasi mji ulikuwepo. Ulikuwa unaukanyaga kwa mguu mtupu na kuusikia: kigae, kigae, jiwe la kusagia, kigae.

Sasa sikilizeni kesi ilikuwa nini. Serikali ilikuwa inakuja kupima mashamba na kuandika kila kipande kwa jina la mtu. Ukishaandikwa umeandikwa. Kuka alisema sehemu ya ndani ya lukoba, karibu na lango la mashariki, ni boma la baba yake, na nyumba ya mama yake ilikuwa hapo. Jirani yetu, Mzee Wandera, ambaye ng'ombe wake walilishwa humo miaka yote, alisema ni ya baba yake yeye. Shamba tulilokuwa tukilima sisi lilikuwa changarawe. Mihogo yetu ilitoka imejikunja kama vidole vya mkongwe. Ndani ya lukoba udongo ulikuwa mweusi, mnene, wa samadi ya ng'ombe wa miaka na miaka. Kuka alikuwa akisimama pale langoni asubuhi, mikono nyuma, akiutazama kama mtu anayetazama chakula mezani kwa watu.

Na desturi yetu ni hii. Mtu akihama, hubeba nguzo, hubeba mlango, hata majani ya paa hubeba kama ni mazima. Mafiga ya mke wa kwanza hayabebwi. Yanaachwa yalipo, ili ardhi isisahau nani alipika hapo. Kamati ya mashamba nayo ilifuata hayohayo: makaburi, mti wa siola uliopandwa kaburini, mafiga. Kila mtu mzima pale kijijini alijua. Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi, na hakuna aliyeniambia.

Mwenye kunituma ndani ya lukoba alikuwa kukhu mwenyewe. Kukhu alikuwa mfinyanzi, na vyungu vyake vilijulikana hadi soko la Busia. Udongo aliutoa handakini. Lakini udongo mtupu hupasuka motoni, lazima uutie unga wa vigae, na vigae vizuri kuliko vyote ni vile vya zamani vilivyokwisha kupigwa na moto mpaka vikachoka. Kwa hiyo kila asubuhi, mimi na binamu yangu Ajiambo, mtoto wa shangazi, tulipewa kikapu. "Leteni vilivyokonda," kukhu alisema. Tukileta, aliketi na jiwe lake akaviponda, akachekecha, akachanganya. Vyungu vya watu wasiojulikana vikawa unga, unga ukawa chungu kipya, mtu akakinunua akapikia ugali.

Mwanzoni sikujali. Halafu siku moja nikaokota kigae chenye mistari. Mtu alikuwa amekivingirishia kamba ya nyasi kabla hakijakauka, alama zikabaki safi, mafundo madogomadogo yaliyopangana, na kando ya mdomo kulikuwa na chapa ya kucha. Nikaweka kucha yangu pale. Ikaenea. Siwezi kuwaeleza nilivyosikia, ila kwamba nilitazama nyuma kama kuna mtu.

Hapo ndipo nilipokosea, na ningeachaje kukosea, nilikuwa nimesikia mambo mawili, yote ya kweli. Kuka alikuwa anapenda kusema, "Wazee wetu walitoka Misri." Kila Mluhya wa rika langu ameambiwa hivyo. Na siku nyingine alisema, "Wazee wetu walitoka ndani ya lukoba." Hakuna aliyeketi chini kunieleza kwamba kati ya kutoka kwa kwanza na kutoka kwa pili kuna safari ya watu wasiohesabika. Jumapili katekista akatufundisha habari za Misri: Farao, ghala, watu wakikanyaga udongo na majani kutengeneza matofali. Nikakaa pale kwenye benchi nikaona yote yameingiana. Ukuta wa udongo tunao. Ghala, kulikuwa na mashimo ya mviringo upande wa magharibi. Na kwenye kona moja kulikuwa na mavi ya chuma, yale mabonge meusi mazito yanayong'aa, na vipande vya mabomba ya udongo vilivyoyeyuka ncha. Leo najua wahunzi walifulia majembe pale. Wakati ule nilijua ni mabomba ya maji ya Farao.

Nilimwuliza kuka, siku anachonga mpini. "Kuka, sisi tulikuwa watu wa Farao ama tulikuwa watumwa wake?"

Akaacha kuchonga. "Nani amekutuma uniulize hivyo? Wandera?"

"Hapana."

"Enda uchote maji."

Nikaenda nikachota maji. Angeniuliza swali moja tu, "Farao gani?", mambo mengine yote yasingetokea.

Kuanzia hapo nilikuwa na vita na kukhu bila yeye kujua. Yeye alikuwa anaponda Misri, na mimi ndiye niliyekuwa namletea kwa kikapu. Nikaanza kuficha. Vigae vitupu nilimpelekea, vyenye mapambo nikaacha chini ya ukuta, upande wa ndani wa lango la mashariki, chini ya kichaka. Na nilivipanga. Shuleni, kabla sijatolewa, mwalimu wetu alikuwa na meza kando ya dirisha. Juu yake aliweka vitu tulivyomletea, na sheria ilikuwa moja: kila kitu na wenzake. Mbegu na mbegu, mawe na mawe, mifupa na mifupa. Alisema mtu aliyesoma anajulikana kwa kupanga. Shule niliiacha, meza nikatoka nayo kichwani. Kwa hiyo vyenye mistari niliweka pamoja, vyenye nukta pamoja, midomo ya vyungu pamoja, mabomba pamoja. Kila jioni nilipanga upya. Nilijivuna, acha niseme kweli. Nilingoja siku nitakayomleta mwalimu aone.

Kisha tukapata viti.

Ajiambo ndiye aliyejikwaa. Mawe matatu yameelekeana katikati ya nyasi, nusu yamezikwa. Kukhu alipikia mafiga ya udongo wa kichuguu aliyoyafinyanga mwenyewe, kila mwaka mapya, na mafiga ya mawe hatukuwa tumeyaona. Haya yalikuwa mawe mazito, juu yamelainika, kimo cha kigoda.

"Hivi ni viti," nikasema.

"Vya nani?"

"Vya wakubwa wa Farao. Wanakaa watatu watatu wakishauriana."

Ajiambo akaketi, akajaribu kuenea, akainuka akijishika nyuma. "Farao alikuwa na matako madogo."

Tukatafuta zaidi, na humo ndani tukapata sehemu tatu za namna hiyo, jumla mawe tisa. Moja lilikuwa na kovu ubavuni, kama lililopigwa panga. Hilo nikampa Farao mwenyewe. Tukachimba. Siku mbili tulichimba kwa vijiti na kwa jembe la palizi lililovunjika, na ile harufu ya jivu ikatupanda puani, kwa sababu mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Tulipoyang'oa tuliyabingirisha moja moja mpaka chini ya ukuta penye kivuli. Kila kitu na wenzake. Manane nikayapanga mstari, na lenye kovu mbele, peke yake. Ajiambo alitaka kuketi juu ya la mbele, nikamfukuza.

Wiki haikuisha, kamati ikaja.

Walikuja asubuhi, wazee wanane na mwenyekiti wao, na karani wa serikali, kijana wa soksi ndefu aliyebeba mnyororo wa kupimia na daftari kubwa. Kuka alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Wandera alikuja na fimbo na mzaha, kama kawaida yake. Hakuwa mtu mbaya Wandera, ningependa angekuwa mbaya. Wakaingia kwa lango la mashariki, na pale kivulini wakakuta viti tisa vimepangwa, kimoja mbele.

"Wandera," mwenyekiti akasema, "umetuandalia."

"Si mimi. Labda ni Ouma." Ouma ndilo jina la kuka.

Kuka alidhani ni Wandera anajipendekeza kwa kamati. Nilimwona akiuma mdomo. Wazee wakaketi. Mwenyekiti akaketi mbele, juu ya Farao.

Mimi na kukhu tulikuwa tumesimama kando na wanawake wengine. Nilifurahi. Naomba mnielewe, nilifurahi kwamba viti vyangu vimepata watu.

Kuka akasema kwa Kiswahili, ili karani aandike. "Boma ya baba yangu ni hapa. Ukiingia kwa mlango, nyumba ya mama iko mkono wa kulia. Mafiga yake hakuna mtu alitoa. Ni mawe tatu. Moja iko na alama, shoka ya baba ilianguka juu yake. Nitaonyesha nyinyi."

Akaenda mkono wa kulia akaanza kupiga nyasi kwa fimbo.

Nilitazama lile kovu likichungulia kati ya miguu ya mwenyekiti, nikaanza kuelewa, na kuelewa kwenyewe hakukuja kwa mara moja. Kulikuja kama maji yanavyopanda handakini. Nikavuta leso ya kukhu.

"Kukhu. Kumbe mafiga huwa ya mawe?"

"Nyamaza. Wanaume wanaongea."

"Kukhu, wameyakalia."

"Nimesema nyamaza."

Kuka alipiga nyasi. Alikwenda, akarudi, akahesabu hatua kutoka langoni, akaanza tena. Jua likapanda. Mzee mmoja wa kamati akafungua tumbaku. Wandera akasema kwa sauti ya kirafiki, "Ouma, ama mama yako alikuwa anapikia kichwani?" Wazee wakacheka. Kuka hakucheka. Shati lilikuwa limemshika mgongoni chini ya lile koti, na fimbo sasa ilikuwa inapiga ovyo. Mwishowe akasimama mahali, akakanyaga, akasema, "Ni hapa. Yamezama." Akapiga magoti akachimba kwa mikono. Udongo ukatoka mwekundu, safi, haujawahi kuona moto.

Ndipo nikasema. Sikuomba ruhusa, kwa sababu nilijua sitapewa.

"Kuka, si hapo. Ni mkono wa kushoto."

Karani akainua kalamu. "Huyu mtoto ni wa nani?"

"Ni mjukuu wangu," kuka akasema, bado amepiga magoti.

Niliwapeleka. Mkono wa kushoto wa lango, hatua kadhaa, karibu na kichuguu, mahali ambapo sisi wawili tulichimba. Shimo lilikuwa wazi, jivu limeshikana kama ugali wa jana. Nikaonyesha mashimo matatu. Nikarudi mbio nikamwambia mwenyekiti, "Baba, inuka," na mtu mzima yule akainuka, nikamwonyesha kovu. Nikaeleza kila jiwe lilitoka wapi, yale matatu ya hapa, matatu ya kule, matatu ya kando ya ghala. Sikukosea hata moja. Mpaka leo ninaweza.

Karani alikuwa ameacha kuandika.

"Hebu nielewe," Wandera akasema, na hapo hakuwa anatania. "Mzee anasema kulia. Mtoto anasema kushoto. Sisi tuamini mwenye nyumba ama mwenye shimo?"

"Kovu je?" kuka akasema. "Nimesema kovu kabla jiwe halijaonekana."

"Umesema. Na huyu mtoto wako anachezea hii mawe kila siku, analala nyumba yako, anakula kwako. Utakosaje kujua alama yake? Hata mimi nikipewa wiki moja na jiwe ya mtu, nitakuambia shoka ya nani ilianguka."

Kuka alinitazama. Alijua sijawahi kumwambia, na mimi nilijua anajua, na hakuna kati ya wale watu wote ambaye angetuamini.

Karani hakuwa mkali. Angekuwa mkali ningekuwa na mtu wa kumchukia. Alisema pole pole, "Mzee, kitu kikishasogezwa si ushahidi tena. Kingekuwa pale chini ningekiandika. Sasa nikuulize wewe mwenyewe, si mtoto. Mama yako alipika wapi?"

Kuka angeweza kusema kushoto. Nilimwombea kwa roho yote aseme kushoto. Alitazama kule alikochimba, akatazama shimo langu, akajifuta udongo magotini.

"Nilibebwa mgongoni tulipotoka," akasema. "Niliambiwa tu."

Mawe yangekuwepo pale yalipoachwa, angepiga nyasi upande wa kulia, akose, apige wa kushoto, na fimbo ingegonga. Ndivyo kila mzee alivyofanya kwenye kila shamba mwaka ule: walipotea kidogo, wakatafuta, fimbo ikagonga jiwe. Hakuna aliyetakiwa kukumbuka sana. Jiwe lilikuwa linakumbuka kwa niaba yao. Mimi ndiye niliyeliondoa, nikaliweka na wenzake.

Walikata kesi hapohapo. Ndani yote ya lukoba kwa Wandera, ambaye kaburi la baba yake lilikuwa na mti wa siola mkubwa usioweza kubingirishwa na watoto. Kuka akapewa kuanzia handaki kuja kwetu. "Mtaro wote ni wako," mwenyekiti akamwambia, kama anayempa zawadi, "mama hatakosa udongo wa vyungu." Kukhu akatema mate chini.

Nyumbani kukhu alichukua fimbo. Kuka akasema, "Acha." Hakunipiga mtu. Ningependa wangenipiga, kwa sababu kiboko kina mwisho. Badala yake nilikaa mlangoni nikauliza, na niliuliza kwa hasira, sikuuliza kwa heshima, "Mbona hamkuniambia?"

"Mtoto haambiwi kesi," kukhu akasema.

Basi. Hilo ndilo jibu nililopewa, na hakuna jingine lililokuja baadaye. Mnakumbuka tulivyokuzwa. Mtoto wa miaka tisa alibeba mtungi, alibeba mtoto wa mwenziwe mgongoni, alisaga, alichunga, alitumwa gizani na kwenye umande, alitumwa ndani ya kitu kinachogombaniwa akaokote vigae. Mzigo alipewa wote. Sababu ya mzigo hakupewa. Halafu akiharibu, "huyu mtoto ana kichwa gani?" Mimi kichwa nilikuwa nacho. Kati ya watu wote waliosimama ndani ya lukoba siku ile, nilikuwa ndiye pekee aliyejua kila kitu kilikuwa wapi. Nilijua mji ule kuliko watu waliozaliwa ndani yake. Sikujua tu kwamba ulikuwa wetu. Nilidhani ni wa Farao.

Na msije mkaniambia watoto wa leo wanaambiwa zaidi. Ninao, wajukuu ninao. Tunawaeleza bei ya simu.

Wandera alilima pale miaka kadhaa, mahindi yake yakawa yanaonekana kutoka barabarani. Alipokufa, wanawe wakagundua kwamba chini ya ule udongo mweusi kuna marumu nzuri, changarawe nyekundu ya kumwagia barabara, wakaiuza kwa watu wa barabara. Tingatinga ikaingia kwa lango la mashariki, kwa kuwa pengo lilikuwepo tayari, ikala ndani yote, kisha ikala ukuta. Niliambiwa nikiwa Malaba, nikakodi gari siku ileile. Nilikuta shimo lenye maji ya njano na vijana wanaosha pikipiki. Mji ule sasa uko chini ya magurudumu, umesambazwa maili nyingi, na hapo ndipo palipo na makaa ya mama yake kuka, kipande hapa na kipande kule. Handaki peke yake limebaki, maana ni letu, na sikubali liguswe.

Lakini siku ninayotaka kuimalizia ni ya nyuma, wiki mbili hivi baada ya kesi. Karani alirudi na watu wake wakavuta mnyororo kwenye ukingo wa handaki, wakapiga vigingi, wakasema mwenye shamba apande mkonge kwenye mstari ili mpaka uonekane. Kuka akaniita. Hakuwa amesema nami neno la maana tangu siku ile. Akanipa kikapu cha miche ya mkonge, yeye akachukua jembe, tukaanza kutoka kusini. Yeye anachimba, mimi natia mche, yeye anakanyaga. Tulifanya mashimo kumi na mawili au kumi na tano hivi, miiba inanichoma viganja.

Tulipofika karibu na lango la mashariki, ambapo kupitia pengo unaona ndani, akaacha kuchimba, akaegemea mpini.

"Pale penye nyasi fupi palikuwa na nini?"

Sikujua kama ni mtego. "Mashimo, Kuka. Matatu. Ya mviringo."

"Ghala." Akakubali kwa kichwa. "Walisema zilikuwepo. Na kule?"

"Mavi ya chuma. Na mabomba."

"Hayo sikuyajua."

Akachimba shimo jingine, nikatia mche. Hatua chache mbele akasimama tena, akauliza tena, nikajibu. Alikuwa mzee, jembe lilimchosha, lakini hakusimama kwa kuchoka. Ng'ombe wa Wandera walikuwa wametawanyika mle ndani wanakula, na kijana wao wa kuchunga alikuwa anatutazama.

"Sasa nionyeshe jikoni kwa mama."

Nikanyoosha mkono.

Akafuata kidole changu, akakunja macho, akasogea hatua moja mpaka vidole vya miguu yake vikagusa ukingo wa mstari. Hakuvuka.

"Wapi? Pale penye yule mweupe?"

"Nyuma yake, Kuka. Alipolala yule mwenye pembe moja."

Akatazama. Nilikuwa bado nimenyoosha mkono, na ulianza kuuma, lakini sikuushusha kwa sababu alikuwa bado anautumia.

"Karibu hivyo," akasema. "Mimi nilidhani ni mbali."

Akatema mate viganjani, akainua jembe, akachimba shimo lililofuata.